Mshindi Habanduki

Magharibi ilikuwa inaingia, nami napeleka suruali ya mteja niliyoikunja pindo, ndipo mwenye banda la gemu akanikimbilia, peku, jasho linamtiririka.

"Mama... njoo umchukue mwanao."

Nusura nimtemee mate. Mwanangu tulimzika mwezi uliopita! Alikuwa habanduki kwenye banda lile. Shule hataki, chakula hataki. Nilimpigia huyu bwana magoti: mfukuze, tafadhali. Akanicheka mbele za watu, kisha akawa anamchezesha bure, maana bingwa huvuta watoto wengine. Siku ya mwisho mwanangu alitoka mle macho mekundu, anayumba kwa njaa. Lori hata hakuliona.

Nikaingia.

Kimya... Harufu ya mafuta ya mgando, yale niliyokuwa nikimpaka kila asubuhi. Mbele ya tivii alikaa mtoto wa mwenye banda, miaka tisa, midomo imekauka, amejikojolea. Kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu. Lakini pedi ya kuchezea gemu iliyolala juu yake...

Tk. Tk. Tk.

Vitufe vilikuwa vinabonyea vyenyewe.

"Tangu jana," baba mtu alinong'ona. "Nimechomoa waya, haizimi. Nimemvuta, hanyanyuki."

Nikatazama mabao. Mtoto anashinda. Anashinda tena. Mechi baada ya mechi, timu ya kile kiti kitupu inajifunga yenyewe.

Hapo nikaelewa. Sheria ya banda lile kila mtoto wa mtaa anaijua: aliyefungwa anapisha, mshindi anabaki. Mwanangu hakuwahi kufungwa na mtu yeyote. Sasa alikuwa anafungwa makusudi.

"Mwambie ashinde!" Baba alinishika miguu, analia. "Mara moja tu, mama. Wewe atakusikia."

Neno moja tu, nalo lilikuwa hapa, ulimini. Yule mtoto hana kosa. Najua, jamani, mimi si mnyama. Lakini nilikuwa na hasira, hasira ya kunitoa machozi.

"Mama..." sauti ikaita, nyembamba, ya njaa. Ilikuwa ya mtoto yupi, hadi leo sijui.

Nikavuta kiti, nikakaa nyuma yao.

"Cheza, mwanangu," nikamwambia. "Mama yupo."