Kumficha Bi Mwatumu

Jamaa zangu wa Tanga mjini, nanyi wa Muheza, Pangani na Mkinga, nataka niwasimulie yaliyoifika nyumba ya Uweso. Mimi ni jirani yao, ua wangu na wao umetenganishwa na ukuta mmoja tu. Mengine niliyaona kwa macho yangu. Yale ya mlimani nilisimuliwa na mkewe, Hasina, naye hakunificha neno.

Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tisa. Kule Amani, juu kwenye milima ya Usambara, asubuhi ilikuwa njema. Ukungu ulikuwa unajiinua taratibu kutoka kwenye mashamba ya chai, mbega wanaruka tawi hata tawi, na upepo wa baridi unaleta harufu ya iliki. Gari la Uweso likasimama karibu na mahali wageni wanapopumzika kabla ya kuingia msitu wa hifadhi. Wakashuka Uweso mwenyewe, Hasina, na binti yao Mboni. Wakashuka na wageni wao kutoka Mwera, Bwana Mwinyijuma na mkewe Bi Khadija, wazazi wa kijana aliyemposa Mboni. Wa mwisho kushuka, Hasina akiwa amemshika mkono, alikuwa Bi Mwatumu, mama mzazi wa Uweso.

"Mashaallah!" alisema Bi Khadija akitazama juu. "Nimezaliwa pwani, nimezeekea pwani. Miti ya namna hii sijapata kuiona."

Bi Mwatumu akatabasamu. "Hapa ndipo kwetu," akasema. "Baba yuko kwenye chai. Akishamaliza kuchuma atakuja kunichukua."

Baba yake Bi Mwatumu alikufa kabla Uweso hajazaliwa. Uweso akacheka kwa nguvu, akawaambia wageni, "Mama naye kwa utani!" Wageni wakacheka kwa adabu. Hasina akainamisha macho.

Ndugu zangu, hapo inabidi niwarudishe nyuma kidogo.

Bi Mwatumu alikuwa fundi wa kushona. Nusu ya wanawake wa mtaa wetu tuliolewa tumevaa magauni yaliyotoka mkononi mwake. Kisha akaanza kupotewa. Mara atie chumvi kwenye chai, mara asimame sokoni asijue aelekee wapi. Alfajiri moja alikwenda kugonga nyumba ya watu akimuulizia mama yake. Basi maneno yakaanza. Mnatujua waja. "Bibi yule anawanga," wakasema, na watoto wakakatazwa kupita mlangoni kwake.

Hasina akampeleka zahanati. Muuguzi mmoja, Leticia, akamkalisha, akazungumza naye kwa upole, kisha akamwambia Hasina, "Dada, haya ni maradhi ya ubongo. Hayana uchawi wala laana. Msimwache peke yake hata kidogo. Na majirani waambieni, ili wakimwona njiani wamrudishe."

Hasina aliporudi na habari hiyo, Uweso alimkatiza.

"Niwatangazie watu kwamba mamangu ana wazimu? Mwanangu ataolewa na nani? Watasema iko kwenye damu."

Toka siku hiyo Bi Mwatumu akawa haonekani. Mlango wa chumba chake ukawa unafungwa kwa nje. Tukiuliza tunaambiwa amelala, au amekwenda kwa jamaa. Hasina ndiye aliyemwogesha, akamlisha, akakaa naye. Uweso alikuwa akipita mlangoni pale haraka, kama mtu anayepita makaburini. Si kwamba hakumpenda mamake. Alimwonea haya, na haya ikikaa sana moyoni hula mapenzi.

Ndipo ikaja posa ya Mboni. Bwana Mwinyijuma na mkewe walipofika Tanga kuzungumza, wakatamani kupanda mlimani kuona msitu. Uweso, kwa kutaka kuwafurahisha, akasema kesho yake watakwenda. Bi Khadija akaongeza, "Twende na bibi pia. Wakubwa ndio wa kuwekwa mbele." Uweso angekataaje?

Basi turudi Amani.

Aliyewapokea alikuwa Ernesti, kijana wa Kisambaa anayewaongoza wageni msituni. Akawasalimu, akampa Bi Mwatumu shikamoo, kisha akauliza, "Kabla hatujaingia, nani ana tatizo la afya? Moyo, pumu, chochote. Njia ina utelezi, na huko ndani simu hazishiki."

"Sote wazima," alisema Uweso.

"Na bibi?"

"Bibi ni miguu tu. Atatusubiri hapa benchini."

"Nitabaki naye," alisema Hasina.

Uweso akamvuta pembeni. "Ukibaki wataniuliza kwa nini mtu mzima anawekewa mlinzi. Unataka kumharibia mtoto?"

"Baba Mboni, unajua hawezi kukaa peke yake."

"Atakaa." Akamgeukia mama yake, akampazia sauti kama anayesema na kiziwi. "Mama, kaa hapa. Usiondoke. Tunarudi sasa hivi. Umenisikia?"

"Nimesikia, kaka," alisema Bi Mwatumu.

Msomaji wangu, mtu aliyekuita kaka hali wewe ni mwanawe, utaliamini vipi neno lake la "nimesikia"? Lakini Uweso aliliamini, kwa sababu ndilo alilolitaka. Wakaingia msituni.

Hasina anasema hakuuona ule msitu. Ernesti aliwaonyesha vipepeo, akawaonyesha miti ambayo watu watano hawawezi kuikumbatia, akawafikisha kwenye maporomoko ya maji. Wageni walifurahi mno. Hasina alikuwa akitazama nyuma tu.

Waliporudi, benchi lilikuwa tupu. Chini yake kulikuwa na ndala za Bi Mwatumu, zimepangwa vizuri sambamba, kama mtu anavyovua anapoingia ndani ya nyumba.

"Mama!" aliita Uweso. Akazunguka gari, akaenda vyooni, akarudi. "Mama!"

Ernesti akamshika bega. "Mzee, niambie ukweli. Bibi ana shida ya kumbukumbu? Usinifiche, maana ndiyo itakayoniambia nimtafute wapi."

Bwana Mwinyijuma na Bi Khadija walikuwa wamesimama pale pale, wanasikiliza. Uweso akawatazama.

"Hana shida yoyote," akasema. "Ana jamaa zake kijiji cha chini. Atakuwa ameteremka kuwasalimia."

Hasina akafungua kinywa. Uweso akamminya mkono, naye akanyamaza. Mpaka leo Hasina analia akifika hapo. "Nilikuwa na ulimi," huniambia, "nikaumeza."

Wakateremka wote na barabara. Wakauliza nyumba hata nyumba, wakauliza wachuma chai, wakauliza waliokuwa wanaanika mdalasini. Hakuna aliyemwona bibi aliyekuwa pekupeku. Wakazidi kuteremka, wakazidi kuuliza. Adhuhuri ikapita. Alasiri ukungu ukarudi, mzito, ukashuka juu ya miti hata mtu wa mbele yako humwoni vizuri. Kisha manyunyu yakaanza, ya baridi inayopenya nguo. Uweso alikuwa anakimbia sasa, anateleza, anainuka, na kila aliyekutana naye alimwambia yale yale: mama yangu mzima, anajua njia, amekwenda kwa jamaa.

Mboni ndiye aliyesimama katikati ya barabara, ushungi umemganda usoni kwa maji, akapiga ukelele.

"Bibi hana jamaa huko chini! Bibi ni mgonjwa! Hajui hata jina langu! Baba, sema! Acha wasinioe, sema!"

Yakasikika matone ya mvua kwenye majani tu.

Ernesti akauliza pole pole, "Asubuhi alisema chochote?"

"Alisema baba yake yuko kwenye chai," alijibu Hasina kwa kwikwi. "Alisema atakuja kumchukua. Alizaliwa hapa, kwenye nyumba za wafanyakazi."

Ernesti akashika kichwa. "Kambi ya zamani. Ni magofu siku hizi, msitu umeyameza. Lakini iko juu, upande wa pili. Sisi tangu asubuhi tunateremka."

Bi Khadija akamsogelea Uweso. Hasina alidhani atamtukana. Badala yake alimshika mkono, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia.

"Marehemu mamangu alikuwa na maradhi haya haya," akasema. "Nilimlea mpaka nikamzika. Alikuwa ananiita shangazi. Bwana Uweso, ungesema neno moja tu, ningebaki naye mimi pale benchini. Mimi nimekuja kuona miti? Nimekuja kuona watu."

Uweso alikaa chini, kwenye tope.

Ernesti akaomba watu wa kijiji. Wakaja wanaume kwa wanawake, na mapanga na tochi, wakapanda. Hasina akawaambia, "Msimwite Mama wala Bi Mwatumu, hatajibu. Mwiteni Kijakazi. Ndilo jina la utotoni mwake, na siku hizi ndilo pekee analoliitikia." Uweso akageuka kumtazama mkewe. Jina lile hakulijua.

Basi msitu mzima ukajaa jina hilo. "Kijakazi! Kijakazi ee!" Na sauti ya Uweso ilikuwamo, imekauka, inamwita mama yake kwa jina la mtoto asiyemfahamu. Kwenye magofu ya kambi walikuta nyayo zake katika tope. Alikuwa amefika. Alikuwa ameingia chumba kimoja kisicho na paa, akazunguka ndani yake, kisha akatoka kwa upande wa nyuma kuelekea korongoni. Lau wangefika mchana, wangemkuta amekaa pale. Giza likawakuta hapo, mvua ikazidi, na walimtafuta usiku kucha bila kumpata.

Walimwona kulipopambazuka, chini ya korongo, kando ya kijito. Mguu mmoja ulikuwa umevunjika. Amejikunyata kwenye mizizi ya mti, midomo imebadilika rangi. Alikuwa hai.

Uweso hakungoja machela. Alivua shati lake, akamfunika, akambeba mgongoni, akaanza kupanda lile korongo kwa mikono na magoti. Watu walitaka kumpokea akakataa. Hasina alikuwa nyuma yake, amemshikilia mkwewe asianguke, kwa hiyo yote yaliyosemwa aliyasikia.

"Wewe ni mtoto wa nani?" aliuliza Bi Mwatumu.

"Mimi ni Uweso, mama. Mwanao."

"Uweso wangu mdogo," alisema. "Bado hajarudi. Mwambieni aingie ndani. Nje kuna baridi."

"Nimerudi, mama. Ni mimi."

"Mwambieni nimemwekea chakula."

Akasema hivyo mara mbili au tatu, kila mara kwa sauti ndogo zaidi. Walimlaza kwenye gari, Bi Khadija akampakata miguu akiisugua, wakateremka na zile kona za mlima kuelekea Muheza. Hawajaifika lami, Bi Mwatumu akakata roho. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun.

Tulimzika Tanga siku ile ile. Matangani watu walikuja wengi, hata wale waliosema anawanga, wakampa Uweso mkono wakimwambia maneno ya kufariji. "Ni kudra ya Mungu," wakamwambia. Naye akawajibu mmoja mmoja, mbele ya watu, "Maradhi ndiyo kudra ya Mungu. Kumwacha benchini ni mimi." Shekhe wetu alijaribu kumtuliza. Uweso akasema, "Niache, Shekhe. Nilinyamaza wakati wa kusema. Usininyamazishe tena."

Posa haikuvunjwa. Bwana Mwinyijuma alisema mbele ya wazee kwamba msichana aliyekuwa tayari kukosa mume kwa ajili ya bibi yake ndiye anayemtaka nyumbani kwake. Mboni aliolewa bila ngoma, akahamia Mwera. Huja kumwona mama yake. Babake pia Mboni humsalimu, akambusu mkono kama inavyompasa mtoto, lakini hakai naye. Uweso halalamiki. Nimemsikia ng'ambo ya ukuta, jioni, akimwambia mkewe, "Ana haki."

FUNZO

Ndugu zangu, wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Uweso hakuwa mtu katili. Alikuwa mtu wa kawaida aliyeogopa midomo ya watu, na midomo hiyo ni yetu sisi. Tuliposema bibi anawanga, tulimsaidia kugeuza ufunguo wa chumba kile.

Mzee anayesahau si mwendawazimu wala si mchawi. Ni mgonjwa, na mgonjwa ana haki ya kutunzwa na kutoachwa peke yake. Usimfungie. Mpeleke kwa wenye ujuzi, kisha waambie majirani, waambie wakwe, mwambie na mgeni uliyekutana naye leo, maana hujui ni nani kati yao atakayemkuta njiani. Ukiulizwa kuhusu afya yake, jibu kweli, hata kama jibu lenyewe litakuaibisha. Nawe jirani, ukiambiwa, usicheke na usipeleke maneno. Vuta kiti, ukae naye. Akikuita kwa jina la mtu mwingine, itika.