Harufu ya Tufaha Bichi

Foleni ya duka la dawa ilikuwa ndefu. Kijana mwenye shati la bluu lililopigwa pasi vizuri alimpisha mama mwenye mtoto mgongoni, akampisha mzee, kisha akamgeukia binti aliyekuwa nyuma yake.

"Na wewe pita, dada."

"Utafika lini, kaka, ukipisha mji mzima?"

Alicheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. Ndipo binti alipoinusa: harufu ya tufaha bichi, tamu, kali. Binti alikuwa mpimaji wa maabara; harufu hiyo aliijua, ni ya kemikali. Akamwomba namba ya simu.

Kijana alikuwa fundi katika kiwanda cha manukato. Miezi miwili simu zao hazikupoa.

"Kimeng'enya, kile kichocheo chetu, ndicho kinachounganisha manukato," fundi alimweleza. "Kiyeyushi kipya cha bosi kinayeyusha tu, mpenzi. Hakigusi kitu."

"Hicho kinagusa! Kimeng'enya kinakikata. Kipande kimoja kinaingia kwenye manukato, cha pili kinageuka hewa. Ndiyo hiyo harufu ya tufaha unayoikohoa. Pipa la kuchanganyia mnalifunga?"

"Tunalikaza kabisa, harufu isipotee."

"Litapasuka, laazizi."

"Haya, Daktari wangu," fundi alicheka.

Basi mpimaji akampigia simu bosi wa fundi. Bosi hakubadili kitu, ila alimfokea fundi mbele ya wenzake kwa kutoa siri za kiwanda.

"Umenivunjia heshima," fundi alimwambia mpimaji. "Usinipigie tena."

Mpimaji hakumpigia. Lakini kila Jumatatu alimwachia mlinzi wa kiwanda chupa ya dawa ya kikohozi, bila neno.

Jumatatu ya nne, simu ya mpimaji ililia.

"Mpenzi, kifuniko cha pipa kimevimba. Kinapiga mluzi. Wenzangu wanataka kukikaza."

"Watoe nje! Mtu asiguse hata swichi, cheche moja italipua!"

Alimsikia akiwaita, viatu vikikimbia, kikohozi. Kisha kishindo. Kisha simu ikakatika.

Mpimaji alikimbia hadi kiwandani na koti lake jeupe la maabara. Nje ya geti watu walikaa chini, wamejaa vumbi. Fundi, shati limechanika begani, alikuwa akimnywesha mlinzi maji.

"Tumetoka wote," alisema. "Dawa zako nimezimaliza. Nilijua ni zako. Nikubalie nikuoe, unifokee kila siku."

"Vua kwanza hilo shati, limejaa hiyo sumu."

Alilivua, akalitupa mbali. Mpimaji akaweka sikio kifuani pake. Pumzi zilikwaruza, na harufu ya tufaha bado ilitokea humo ndani.

"Nimekubali," alisema, huku akizihesabu pumzi zake, moja moja.