Pumzi za Malkia

Mshonaji alikuwa na pini mdomoni na gauni la bibi harusi mapajani pumzi yake ilipogoma kwa mara ya kwanza. Haikuuma. Alitaka kuvuta hewa, hewa ikakataa kuja, basi. Chumba cha pili, mwanamke wa kwenye santuri alikuwa akiimba sauti moja ndefu, na alipoimaliza, hewa ikamwingia mshonaji kwa kishindo hata pini zikamtawanyikia miguuni.

"Punguza kelele!" mumewe akafoka kutoka huko huko.

Mtaa mzima ulimwita Bwana Kimya, na si kwa upole wake. Kazi yake ilikuwa kusafisha sauti za santuri kuukuu kwa ajili ya redio, na yeyote aliyepiga chafya karibu na mlango wake alikuwa adui. Akisikiliza, cherehani inazimwa na sufuria zinafunikwa kwa kunyata. Majuzi alimwambia mkewe, bila haya, "Hata kupumua unapumua kwa fujo." Maneno mengine hayajibiwi, yanawekwa.

Safari hii alikuwa na opera ya Kiitaliano ya zamani sana, kazi ya mtunzi ambaye hata kwao wamemsahau. Santuri yenyewe ilikuwa imempasukia mikononi alipomaliza tu kuihamishia kwenye kompyuta. Tumpe haki yake: kusikiliza alijua. Jioni moja alimwita mkewe, jambo lililokuwa nadra kama mvua ya kiangazi.

"Sikiliza hapa. Malkia yuko gerezani. Ala zote zimemwachia, imebaki filimbi tu inamfuata nyuma. Sasa ubeti unarudi. Umesikia? Si ule ule! Anaupamba, anapanda, kisha anashuka taratibu kama mtu anayeshuka ngazi na taa mkononi. Halafu watu wameacha kitu kama hiki kioze!"

Macho yake yalilowa. Mshonaji hakukumbuka ni lini yalilowa kwa ajili yake, na wivu ukamchoma kweli kweli.

"Mbona hapumui?" akauliza.

Bwana Kimya akacheka kwa fahari. Kwenye kompyuta sauti ilichorwa kama safu ya milima, na zamani kabla ya kila mlima palikuwa na kichuguu kidogo, pale mwimbaji alipovuta hewa. Sasa palikuwa tambarare.

"Alikuwa anavuta kama mvukuto. Uchafu mtupu. Nimekata zote, moja moja. Ijumaa inaruka redioni."

Baada ya hapo nyumba ikaingiwa na harufu: poda ya uso iliyochacha na mshumaa uliozimwa sasa hivi. Mshonaji alifua mapazia, harufu ikabaki. Pumzi nayo ikazidi kuwa ngumu. Kwanza ilimtoka wimbo ukipigwa tu. Kisha ikaanza kumtoka hata kukiwa kimya, akiwa sokoni, akiwa anampima mteja kiuno, na akagundua kwa hofu kwamba kulikuwa na njia moja tu ya kuipata: aimbe kipande cha wimbo ule chini chini, afike kituo, pale ubeti unapoishia, ndipo kifua kimfungukie.

"Siku hizi una raha, unaimba!" mteja mmoja akamtania.

"Raha gani, mama," akasema, na asingeweza kuongeza neno kabla ya kuimba tena.

Alipoanza kuamka midomo imegeuka bluu, alimwita Bibi Kavu, mtaalamu wa majini asiyejua kubembeleza mtu wala pepo. Alifika mchana kweupe na mkoba wake. Akaweka sikio mgongoni mwa mshonaji, akasikiliza wimbo kidogo, akaguna.

"Anaimba vizuri, mwanaharamu huyu." Akamgeukia Bwana Kimya, akashusha sauti. "Mwimbaji wako alikuwa na jini lake. Lilikaa kwenye pumzi, si kwenye sauti. Sauti inapita, pumzi ndiyo nyumba. Wewe umebomoa nyumba, limehamia kwenye pumzi ya jirani, tena pumzi ambayo mwenyewe ameshaambiwa ni fujo. Lirudishie. Zote ulizokata."

"Bibi, kesho ndiyo Ijumaa!"

"Na mkeo ni leo."

Mshonaji alimtazama mumewe. Hakuomba, hewa ya kuombea hakuwa nayo. Bwana Kimya akaingia chumbani, akafunga mlango. Alipotoka alikuwa akitazama sakafu.

"Tayari. Nimerudisha."

Alikuwa anadanganya. Mke wa miaka yote hiyo angekosaje kulijua hilo? Lakini Bibi Kavu alikwisha kufukiza udi na kumkalisha mbele ya spika, na mume akaketi kiti chake cha siku zote, sikio karibu kugusa chombo. "Nyumba yako iko tayari," Bibi Kavu akanong'ona. "Toka uingie." Wimbo ukaanza, na mshonaji akahisi kitu kikijikunjua ubavuni mwake, chembamba, baridi, kikimpanda kooni na kumtokea puani pamoja na ile harufu ya poda, kikaelea kuelekea sauti ya malkia, kikapapasa kabla ya ubeti wa kwanza pakawa tambarare, kikapapasa kabla ya wa pili pakawa tambarare, na filimbi ikaendelea kulia peke yake, na mapazia yakavutwa ndani ingawa madirisha yalifungwa, mpaka kile kitu kikageuka polepole kumtazama mtu aliyekuwa karibu zaidi.

Mshonaji akavuta hewa. Yote, tamu, bila wimbo. Mumewe akashika koo.

Malkia alipofika kituo, ndipo Bwana Kimya akapata hewa ya maneno mawili. "Nimefuta... zile." Nakala chafu, ya mwisho yenye pumzi, alikuwa ameifuta mle chumbani, mtu asije akamharibia kazi.

"Litoe, bibi," mshonaji akanong'ona.

Bibi Kavu alikuwa anafunga mkoba. "Nimeliita kwa ahadi, ahadi ikawa uongo. Halitanisikia tena. Aimbe."

Bwana Kimya akajaribu. Aliyejua kusikiliza namna ile hakuwa na koo la kutoa hata sauti moja iliyonyooka, na jini halikukubali ubabaishaji.

Basi opera ile inapigwa kutwa kucha, ikiisha inaanza. Redioni waliisifu kwa usafi wake. Bwana Kimya haondoki kitini, anavuta hewa pale malkia angevuta. Mshonaji anaendesha cherehani kwa kelele anazotaka, wala hakuna anayefoka.

Jana alasiri, pini zikiwa mdomoni na gauni mapajani, umeme ukakatika. Malkia akanyamaza katikati ya ubeti. Mume akamgeuzia mkewe macho yaliyotoka. Nyumba nzima, mwenye kuweza kuuimba wimbo ule sauti kwa sauti alikuwa mmoja.

Mshonaji akamtazama. Kisha akaanza kuzitoa pini mdomoni, moja moja.