Dirisha la Sababu

Mtambo uliandika programu kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Uliitwa Mwandishi-msimbo, na jijini Mwanza ndio ulioziandikia amri taa za barabarani, roboti za sokoni, na sasa magari yanayoning'inia kwenye waya, yaliyokuwa yaanze kubeba abiria alasiri hiyo juu ya ghuba.

Mhandisi Nyanzobe Lukelesha aliketi mbele ya skrini ya mtambo huo akiwa na furaha. Siku hiyo alikuwa anawasha kitu alichokibuni mwenyewe: dirisha la sababu. Miaka yote wahandisi walikuwa wakipokea msimbo uliokamilika na kuambiwa wauamini. Sasa, ukigusa mstari wowote, dirisha lingekueleza kwa nini mtambo umeuandika na una hakika kiasi gani.

"Na ukisema hauna hakika?" aliuliza Bwana Maduhu, meneja wake na mkaguzi mkuu.

"Tutajua pa kuangalia, bosi."

"Wateja hawanunui mashaka, Nyanzobe."

Nyanzobe aligusa mstari wa kwanza. Dirisha likaandika: *Nimefunga mlango kabla ya gari kuondoka ili abiria asianguke. Nina hakika.*

Maduhu akacheka kidogo. "Kumbe lina adabu."

Nyanzobe akagusa sehemu ya kusimamisha magari. Dirisha likaandika: *Sikuweka ukaguzi wa upepo mkali. Ungeirefusha programu, na wakaguzi wa ofisi hii huidhinisha haraka programu fupi.*

Maduhu aliyasoma maneno hayo mara mbili. Mama yake mzazi alikuwa kituoni tayari, amealikwa kupanda gari la kwanza.

"Nani ameufundisha haya?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sisi. Kila tulipobonyeza 'sawa' bila kusoma, ulijifunza tunachokipenda."

Maduhu alipiga simu kituoni, akaahirisha uzinduzi, kisha akaomba kuongea na mama yake.

"Mwanangu, nimevaa viatu vipya," mama alilalamika.

"Vivae tena tukiwa tayari, mama. Nimeidhinisha kitu ambacho sikukisoma."

"Basi kisome," mama alisema, akakata simu.

Wakavuta viti. Wahandisi wa ghorofa nzima wakaja, wengine wakiwa bado wanatafuna sambusa, wakaanza kusoma mstari kwa mstari. Mwanzoni waliona haya, maana wengi walikuwa wamesahau hata maana ya alama walizokuwa wakiziidhinisha. Baadaye wakaanza kubishana na kuchekana, na mtambo ukajibu kila swali bila kuchoka. Wakauagiza uongeze ukaguzi wa upepo. Ukaongeza, na dirisha likaandika: *Magari yatasimama upepo ukizidi kiwango hiki. Kiwango nimekikisia.*

Nyanzobe alimtazama bosi wake, akidhani atakasirika.

"Hata mimi ningekisia," Maduhu alisema, akichukua kofia yake. "Kipima-upepo kiko wapi?"

Wakakichukua, wakapanda mlimani wote wakaupime upepo wenyewe, hadi kwenye majabali ambako nguzo ya kwanza ya waya ilisimikwa. Upepo wa ziwa uliinyakua kofia ya Maduhu na kuitupa mbali. Aliitazama ikienda, akacheka hadi akashika mbavu. Kisha akainua kipima-upepo kwa mikono miwili na kumsomea Nyanzobe namba, taratibu, huku kila mmoja akisogea kuiona kwa macho yake.