Swali la Tisa

"Wewe fundi, hiyo foleni huioni?"

Ndivyo msichana alivyomkaribisha fundi siku ya kwanza. Duka la fotokopi limejaa hadi mlangoni, mashine inanguruma, naye msichana wa kompyuta kavaa blauzi ya njano iliyonyooka kwa pasi. Mara anachomoza fundi wa kuchomelea, ovaroli imetobolewa na cheche, anataka kuhudumiwa kwanza.

"Samahani, mrembo. Nilikuona wewe tu."

Akarudi nyuma akicheka. Moyo wa msichana, masikini, ukamfuata hukohuko.

Akawa mteja wa kila Jumamosi. Yeye anataja, msichana anachapa maombi ya kazi ng'ambo. Kila fomu ilikuwa na swali la tisa: Je, utahitaji mwajiri akudhamini upate viza? Wakajibu Ndiyo. Kampuni kumi na moja zikamtosa. Msichana alichoka kumwona akijifanya hajali, basi ombi la kumi na mbili akabofya Hapana, kimyakimya.

Wakamchukua! Fundi alimnyanyua msichana juujuu mbele ya wateja. Akaacha kazi karakana, mama yake akaita ukoo mzima kumuaga. Kisha kampuni ikataka nakala ya kibali chake cha kufanya kazi kule. Kibali kipi? Ajira ikafutwa, na barua ikasema wazi: umetudanganya.

Fundi akazima simu wiki mbili. Msichana alipiga kila siku, na kila alipopiga aliomba asipokee. Aibu ilimjaa.

Asubuhi moja mama wa fundi akaingia dukani, mtandio kauvuta hadi machoni.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyekuwa unamwandikia. Hebu niambie, kijana wangu ni mwongo? Majirani wananiuliza, sina pa kuweka uso."

Msichana alitamani ardhi ipasuke immeze. "Si yeye, mama. Ni mimi niliyejibu uongo."

Mama alimtazama sana, akaondoka bila kuaga.

Jioni fundi akaja mwenyewe. Watu wanne mbele yake, akapanga foleni. Zamu yake ilipofika, msichana akawahi:

"Nisamehe. Nilitaka ufurahi, nikakuaibisha mbele ya watu wako."

"Niliiona."

"Uliona nini?"

"Ile Hapana. Uliponionyesha fomu kabla ya kutuma, niliisoma. Nikanyamaza, nikijua ikiharibika nitasema ni wewe. Leo mama kaniambia umebeba lawama peke yako. Nimejidharau, mpenzi. Hata simu nilizima kwa sababu nilijua, nikashindwa kukutazama."

"Na mimi nimelia wiki mbili, kumbe mwenzangu unajua!"

"Jamani, wengine tuna haraka," akakohoa mzee nyuma.

"Chapa ombi jingine," fundi akasema, macho chini. "La tisa weka Ndiyo. Wakitaka wanitose."

Akachapa huku akijifuta machozi kwa mkono wa blauzi. "Hali ya ndoa?"

"Hajaoa. Ila kaomba, anasubiri jibu."

Vidole vikasimama. "Ukitaka jibu, panga foleni."

Akaenda kweli, ovaroli na matundu yake, akasimama nyuma ya yule mzee. Msichana akamtazama hadi kicheko kikamshinda nguvu.

"Rudi hapa, wewe," akamwita. "Na hilo nalo nimeweka Ndiyo."