Chetezo Kibaki Nje

Asubuhi hiyo mtaa mzima pale Palma ulikuwa na habari moja tu: Aida na mumewe Rizuane wanafungua mgahawa. Usidhani ni nyumba ya matofali. Ni gari! Gari kuukuu lenye kitanda, sinki na jiko la gesi ndani. Walilinunua kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao, na akiba yao yote iliishia humo.

Aida alikuwa anaimba. Nazi imekunwa, mchele umeoshwa, wageni wako njiani. Kasoro ilikuwa jiko. Liliwaka kidogo, likazimika. Na ndani mlinuka.

"Kama yai viza," alisema Aida.

"Gari la zamani hilo," alijibu Rizuane. "Likipata udi litanukia."

Sasa, huku kwetu biashara haifunguliwi hivi hivi. Dua husomwa, na udi hufukizwa kila pembe. Bi Muanacha, mama yake Rizuane, alikuwa anakuja na chetezo, makaa mekundu, uso wote kicheko. Akainua mguu apande gari.

"Mama! Simama hapo hapo!"

Alikuwa Neusa, jirani yao, fundi wa majiko ya gesi.

"Nasikia harufu ya gesi! Peleka chetezo mbali!"

"We mtoto, huu ni udi, si bomu!" alifoka Bi Muanacha.

"Udi hauna neno, mama. Hatari ni makaa. Gesi ikikutana na moto, mnaungua wote!"

Loo! Bi Muanacha alitimua mbio, miguu mibovu akaisahau.

Neusa alifunga valvu ya mtungi, akafungua milango na madirisha. "Tokeni nje wote. Msiguse swichi ya taa. Cheche ndogo tu inatosha."

Harufu ilipokwisha kabisa, alichungulia kabati la mtungi. Chini palikuwa na tundu, limezibwa kwa kipande cha kanga.

"Nani kaziba hapa?"

"Mimi," alisema Rizuane. "Mchanga ulikuwa unaingia."

"Kaka, gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka chini, itoke kwa tundu hili. Ukiziba, inajaa ndani."

Rizuane alishika kichwa. "Na inapovujia tutapajuaje? Tuwashe kiberiti?"

"Thubutu! Aida, lete maji ya sabuni."

Jiko likiwa limezimwa, Neusa alifungua valvu kidogo, akapaka povu kwenye mpira wa gesi. Mapovu yakavimba hapo hapo.

"Yaleyale!" alisema. "Mpira umepasuka. Na regulata, hiki kifaa kinachopunguza nguvu ya gesi, imechoka. Ndiyo maana moto unazimika."

Alifunga valvu, akachomoa kile kipande cha kanga, akaweka mpira mpya na regulata mpya. Akafungua valvu, akapaka povu tena. Safari hii, hakuna kilichovimba. Aida akawasha jiko. Moto wa bluu!

Vigelegele vilisikika mpaka sokoni. Dua ikasomwa, udi ukafukizwa, lakini nje, mbali na gari. Kufika adhuhuri, sufuria ya wali ilikuwa tupu.

Mpaka leo, mtungi ukibadilishwa, Bi Muanacha husimama mlangoni na bakuli la povu. Hata mwanawe hapiti.

"Paka kwanza, nione kwa macho yangu," husema.

Akiridhika, ndipo Aida huwasha jiko.