Ngozi ya Shavu la Safinah

Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika kumi, na ndiyo maana Zuleika hakuikataa. Adhana ya magharibi ilikuwa imeshapita, mlango wa studio umefungwa nusu, na mdogo wake Safinah amekaa kwenye benchi la wateja akisubiri warudi nyumbani. Studio ni chumba kimoja tu pale Mengo, nyuma ya duka la majeneza, kwa hiyo wateja wake wengi ni wafiwa. Wanaleta picha ya marehemu kwenye simu, yeye anaisafisha, anaikuza, inawekwa fremu, inakaa juu ya jeneza. Na jamani, wafu wa Kampala nao wanataka kupendeza! Ombi huwa lile lile: toa weusi chini ya macho, asionekane aliteseka.

Aliyeingia alikuwa askari polisi, mtu mzima, mrefu hata akainamia mlango. Alisema anaitwa Oyat. Mkewe Lamunu alianguka bafuni juzi, akafa. Mwili uko garini hapo barabarani, wanaupeleka Kitgum kuzika, na kaka za marehemu wanasubiri picha tu.

"Toa hii nyeusi," alisema, akigonga kioo cha simu kwa kidole. "Bibi yangu alikuwa halali usingizi muzuri. Nataka akae muzuri."

"Pole sana, Afande. Kaa hapo."

Hakukaa. Alisimama nyuma ya kiti cha Zuleika, pumzi inanuka pombe ya waragi na pipi ya minti.

Picha ilikuwa ya Pasaka. Oyat na Lamunu wamesimama bega kwa bega, mkono wa mume umeshika shingo ya mke. Zuleika alimkata Lamunu peke yake, akamkuza. Hapo akaona. Miaka kumi na moja anasafisha nyuso za watu. Anaujua weusi wa malaria, wa kilio, wa pombe. Huu ulikuwa wa ngumi. Lakini mtu kama huyo utamwambia nini, na amekusimamia mgongoni? Alinyamaza akafanya kazi. Namlaumu kidogo, ila nami ningenyamaza.

Weusi unatolewa hivi: unachota kipande cha ngozi safi shavuni, unakibandika chini ya jicho, unalainisha kingo. Basi. Zuleika akachota, akabandika. Kikakaa vizuri...

Kisha kikaiva.

Polepole, mbele ya macho yake, kipande kile kikawa zambarau, kikawa cheusi tii. Akachota kingine kwenye paji la uso. Nacho kikaiva. Akachota cha kidevuni. Hivyo hivyo.

"Mbona unachelewa?"

"Kompyuta inasumbua, Afande."

Sasa, mzee Rajab aliyemfundisha kazi alikuwa na sharti moja tu, na alilishika kama sala: picha ya maiti isafishwe kwa ngozi yake mwenyewe. Usimwazimie ya aliye hai. Hakuwahi kusema kwa nini, na Zuleika aliona ni mambo ya wazee. Ndani ya kompyuta kulikuwa na picha ya pasipoti ya Safinah, aliyoipiga asubuhi ile ile, na rangi yake na ya Lamunu ilikuwa moja. Zuleika alitaka mtu huyu aondoke. Akachota shavu la mdogo wake, akalibandika chini ya macho ya Lamunu.

Likakaa. Halikuiva.

Paa!

Zuleika aligeuka. Safinah alikuwa ameshika uso, mdomo wazi.

"Dada... nani kanipiga?"

Hapakuwa na mtu karibu naye. Paa! Kofi la pili lilimgeuza shingo. La tatu halikuwa kofi, ilikuwa ngumi. Zuleika aliona nyama chini ya jicho ikibonyea, ikiinuka, ikivimba. Chumba kikanuka sabuni ya kufulia na simiti mbichi, kama bafu la watu wengi. Safinah akaanguka chini, damu zinamtoka puani.

"Banange, nakufa! Dada!"

Na Oyat? Oyat hakushangaa. Hilo ndilo lililomtia Zuleika baridi. Alikuwa anamtazama msichana pale sakafuni, midomo inacheza.

"Sasa tumbo," alinong'ona.

Safinah akajikunja, akatapika.

"Sasa mukono... ule wa kushoto."

Ka! Mfupa ukalia.

Zuleika akaelewa. Mtu huyu anaujua mpangilio wa mapigo kwa sababu yeye ndiye aliyeupanga.

"Ya mwisho ilikuwa ipi?" alipiga kelele. "Sema! Ulimmalizaje?"

Oyat akaitazama sakafu. "Kichwa," alisema. "Kwa simiti."

Zuleika akarukia mausi afute kile kipande. Oyat akamdaka kifundo cha mkono, akakiminya. "Usiguse. Shemeji zangu wako nje. Wakiona ile nyeusi, wataniua. Huyu musichana mimi simujui."

Zuleika alimng'ata. Alizama kwenye kidole gumba mpaka meno yakafika kwenye mfupa na damu ya mtu mwingine ikamjaa mdomoni, na mkono ulipolegea akajitupa kwenye meza, akafuta. Kichwa cha Safinah kilikuwa kimeshanyanyuliwa kutoka sakafuni, nywele zimekamatwa juu, mkamataji haonekani. Kikabaki hewani kidogo... kikaachiwa.

Kwenye kioo cha kompyuta, weusi ulirudi usoni mwa Lamunu. Oyat akauona. Akanyakua chuma cha kusimamishia taa, akampiga Zuleika begani. Mkono wa kulia ukafa papo hapo. Akakiinua tena, safari hii kimelenga utosi.

Picha ya Pasaka ilikuwa bado wazi, Oyat anacheka na shavu lake nene linang'aa. Zuleika alichota kwa mkono wa kushoto. Akabandika chini ya macho ya Lamunu.

Paa!

Chuma kilianguka. Oyat akapepesuka, akashika uso. La pili. La tatu. Jitu lile likapiga magoti.

"Lamunu, wacha! Lamunu, samahani!" Akamgeukia Zuleika. "Dada, rudisha! Rudisha!"

Vibonye viwili tu, na kipande kingefutika. Vidole vya Zuleika vilikuwa juu ya vibonye hivyo. Sakafuni, Safinah, jicho moja limefumba na moja wazi, alikuwa anavitazama vidole vile.

Tumbo. Oyat akatapika waragi.

Mkono. Ka!

"Rudisha, dada... kabla ya kichwa..."

Zuleika hakubonyeza. Hofu ilikuwa imemtoka yote, na mahali pake pamekuja hasira tamu, aliyoionea raha. Kichwa cha Oyat kikainuliwa kwa masikio.

Mara ya kwanza alipiga kelele.

Mara ya pili hakupiga.

Mara ya tatu Zuleika alikuwa bado anatazama.

Okullo, kaka mkubwa wa Lamunu, ndiye aliyeingia kuulizia picha. Aliona shemeji yake, aliona damu, aliona msichana na mkono uliopinda. Kisha akaona picha aliyoichapa Zuleika ikitoka kwenye printa: Lamunu, uso safi, amepumzika. Aliishika muda mrefu.

"Alikuwa hivi," alisema, "kabla hatujamuoza kwa huyu mutu."

Akambeba Safinah mwenyewe mpaka hospitali. Polisi walipouliza, Okullo akasema Oyat alianguka akafa kwa uchungu wa kufiwa. Ndugu zake wote wakasema hivyo hivyo, na hakuna aliyewabishia.

Je, ni roho ya Lamunu, au ni kazi tu ya ngozi ya mtu hai juu ya uso wa maiti? Mzee Rajab angejua, lakini alishakufa.

Safinah alipona. Wiki ya sita, plasta imeshatolewa, alikuja studio mchana, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Dada, siku ile ulikuwa na nafasi ya kurudisha?"

"Kompyuta iliganda," alisema Zuleika.

"Kale, haya." Safinah alitazama chini. "Naomba ufute picha zangu zote. Hata za utotoni."

"Kwa nini, mdogo wangu? Mimi siwezi kukudhuru, wallahi!"

"Kwa sababu siku moja nitakukosea, dada."